Bei ya Mazuti na Bei ya Moshi

Wakati wa mvua uliopita tulisafiri juu ya kamioni iliyochukua chumvi na saruji. Njia ilikuwa mbaya sana. Penye kilima kimoja tulikaa nusu siku, kwa sababu kamioni nyingine mbele yetu ilikuwa imezama katika matope. Shofere wake alikanyaga mafuta bila kukoma, na moshi mweusi ukatufunika sisi sote. Watoto waliokaa juu ya mizigo wakashikwa na kikohozi. Hapo shofere wetu, mtu mzima mwenye akili, akatuuliza: «Mwalimu, ninyi mliosoma, mnielezee neno moja. Zamani Wazungu waliyasifu mazuti: mazuti ni rahisi, mazuti yafika mbali. Sasa nasikia kwamba huko kwao wanaikimbia motokari ya mazuti, tena zile za zamani wanatuuzia sisi. Je, walitudanganya sisi, ama walijidanganya wenyewe?»

Tulimjibu kwa maneno mawili matatu, lakini jibu lile halikututosha hata sisi. Tuliporudi nyumbani tulizitafuta habari hizo tangu mwanzo, na leo twawaletea tuliyoyapata. Ni historia ya mtambo mmoja, lakini zaidi ni historia ya bei: nani aliipanga, kwa shauri gani, na nani aliyelipa sehemu iliyobaki.

Mtu mmoja na mtambo wake

Mtambo wa mazuti umepewa jina la mtu, Rudolf Diesel. Alizaliwa Paris mwaka wa 1858; wazazi wake walikuwa Wajerumani. Mwaka wa 1870 Ufaransa na Ujerumani zilipopigana, jamaa yake ililazimika kukimbilia London. Baadaye kijana alisoma ufundi katika mji wa München, kwa Profesa Carl von Linde, yule aliyejulikana kwa mitambo ya kufanya barafu. Huko alijifunza neno moja lililomkaa moyoni: mtambo wa mvuke wapoteza karibu moto wote wa makaa yanayochomwa ndani yake. Kati ya sehemu 10 za nguvu, kama 9 zapotea bure. Diesel akasema moyoni mwake kwamba hasara hii lazima ipunguzwe.

Mwaka wa 1893 alipata hati ya serkali ya Ujerumani ya kulinda uvumbuzi wake. Akaanza kujaribu katika kiwanda cha mitambo mjini Augsburg. Majaribio ya kwanza yalishindwa. Walakini hakuacha, na mwezi wa Februari 1897 Profesa Moritz Schröter aliupima mtambo wake, akaona kwamba unageuza kuwa kazi sehemu 26 katika 100 za nguvu ya mafuta. Siku zile hakuna mtambo mwingine uliofikia hapo.

Siri yake ni nini? Mtu akijaza upepo katika gurudumu la baiskeli, na akishika pampu mwishoni, ataona imepata moto. Hewa ikikandamizwa, yapata joto. Mtambo wa esansi hukandamiza hewa pamoja na esansi kidogo tu, kisha buji yatoa cheche na kuwasha. Mtambo wa Diesel hukandamiza hewa peke yake, tena kwa nguvu nyingi, mpaka inakuwa ya moto mkali kabisa. Ndipo mafuta yanarushwa ndani, nayo yanawaka yenyewe bila cheche. Kwa sababu ya kukandamiza sana, mtambo huu wapata kazi nyingi kwa mafuta machache. Lakini moto ule mkali, na namna ile ya kurusha mafuta, ndiyo asili ya moshi wake mbaya. Tutalirudia neno hili.

Yafaa tujue pia kwamba mazuti hayakuwa chakula cha lazima cha mtambo huu. Katika maonyesho makubwa ya Paris mwaka wa 1900, mtambo mmoja wa namna hiyo ulitembea kwa mafuta ya karanga. Na mwaka wa 1937 mtaalamu wa Chuo Kikuu cha Brussels, Chavanne, alipewa hati Ubelgiji kwa namna ya kugeuza mafuta ya mawese yafae kwa mitambo hiyo. Mwaka wa 1938 basi la abiria lilitembea kwa mafuta hayo kati ya Brussels na Leuven. Waliyafikiri mawese ya Kongo. Lakini mafuta ya ardhini yalikuwa mengi na rahisi, na shauri lile likalala.

Diesel mwenyewe hakuona hayo. Jioni ya tarehe 29 Septemba 1913 alipanda meli Antwerpen, bandari ya Ubelgiji, akienda Uingereza. Asubuhi chumba chake kilikutwa kitupu. Siku chache baadaye maiti yake ilionekana baharini. Lishikeni jina la bandari ile, Antwerpen, maana tutaifikia tena mwishoni mwa habari hii.

Kwa nini mazuti yalikuwa rahisi

Mafuta yanapotoka ardhini hayafai bado. Yapelekwa kiwandani, yachemshwa, na mvuke wake wagawanywa. Kwanza yatoka mafuta mepesi, ndiyo esansi, kisha mafuta ya taa, kisha mazuti, mwisho yabaki mafuta mazito na lami. Mwenye kiwanda hawezi kutoa esansi peke yake, kama vile mwenye kuchinja mbuzi hawezi kupata paja bila mifupa. Basi, wakati motokari zote ndogo zilipokunywa esansi, mazuti yalihitaji wanunuzi.

Wanunuzi wa kwanza walikuwa wenye meli, wenye treni, wenye kamioni na wenye matrakta, kwani mtambo wa Diesel ulikuwa mzito na wenye kelele. Mwaka wa 1936 kampuni ya Mercedes-Benz ilionyesha mjini Berlin motokari ya watu yenye mtambo huo, iliyoitwa 260 D. Ilikunywa kama litri 9 kwa kilometa 100, mahali ambapo ndugu yake ya esansi ilikunywa kama 13. Wenye teksi waliipenda. Watu wengine walicheka kelele yake.

Baada ya Vita Kuu ya Pili serkali nyingi za Ulaya zilifanya shauri moja. Zilisema hivi: Kamioni yachukua mkate, trakta yalima ngano. Tukiweka kodi kubwa juu ya mazuti, maskini atalipa katika bei ya mkate. Lakini mwenye motokari yake ya esansi ana mali. Yeye na alipe. Ndiyo maana kodi ya mazuti iliwekwa ndogo, na kodi ya esansi kubwa. Shauri hili halikuwa baya. Lilikuwa na huruma ndani yake.

Lakini lilikuwa na tundu. Pampu ya mafuta haimwulizi mtu kama amekuja na kamioni ya ngano ama na motokari ya kwenda matembezi. Kila aliyekuwa na mtambo wa mazuti aliipata ile bei iliyokusudiwa kwa mkate.

Tundu hilo lilipanuka baada ya mwaka wa 1973. Mwezi wa Oktoba mwaka ule kulikuwa vita kati ya Israeli na nchi za Waarabu, na Waarabu wenye mafuta wakapunguza kuyauza. Katika miezi michache bei ya pipa moja ilipanda toka dola kama 3 hata kama 12. Ubelgiji serkali ilikataza watu kutembea kwa motokari siku ya Dominika. Ya kwanza ilikuwa tarehe 18 Novemba 1973, na watu wakapita kwa baiskeli katika barabara kubwa zilizokuwa tupu. Toka siku hizo watu wa Ulaya walianza kuhesabu litri. Mwaka wa 1976 kampuni ya Volkswagen ilitoa motokari yake ndogo Golf yenye mtambo wa Diesel, na watu wa mshahara wa kawaida wakaweza kuinunua.

Desturi ya kodi ikawa sheria. Mwaka wa 1992 nchi za Ulaya zilizoungana zilikubaliana juu ya kodi ndogo kabisa ambayo kila nchi lazima itoze. Kwa litri 1000 za esansi isiyo na risasi waliandika 287 kwa hesabu ya fedha yao ya pamoja. Kwa litri 1000 za mazuti, 245. Mwaka wa 2003 walikubaliana kuziongeza kidogo kidogo, mpaka zikafika euro 359 kwa esansi na 330 kwa mazuti. Nchi nyingi, Ubelgiji na Ufaransa kati yao, ziliweka tofauti kubwa kuliko hiyo. Uingereza peke yake kati ya nchi kubwa ilitoza sawasawa.

Litri yaweza kudanganya

Hapa twawaomba wasomaji wavumilie hesabu kidogo, maana ndani ya hesabu hii ndimo jambo lote lilimojificha.

Motokari mbili za ukubwa mmoja zaondoka pamoja. Ya esansi yanywa litri 7 kwa kilometa 100. Ya mazuti yanywa litri 5 na nusu. Mwenye mazuti amepunguza zaidi ya sehemu 20 katika 100. Akilipa tena bei ndogo kwa kila litri, faida yake ni kubwa maradufu. Nani asingenunua?

Lakini litri ya mazuti si sawa na litri ya esansi. Mazuti ni mazito zaidi. Katika litri moja mna nguvu zaidi, mna pia kaboni zaidi. Litri ya esansi ikichomwa yatoa kilo kama 2.3 za hewa ya kaboni, hewa ile isiyo na rangi wala harufu inayozuia joto la dunia lisitoke. Litri ya mazuti yatoa kilo kama 2.7. Zidisheni. Motokari ya esansi imetoa kilo 16.1. Motokari ya mazuti imetoa kilo 14.85. Basi, tofauti ya litri ilikuwa zaidi ya 20 katika 100, lakini tofauti ya kaboni ni kama 8 katika 100 tu.

Kwa hiyo bei ya pampu ilisema maneno mawili yasiyo ya kweli. Ilisema kwamba litri hizi mbili ni ndugu, nazo si ndugu. Tena ilisema kwamba ile yenye kaboni zaidi ndiyo istahili kodi ndogo. Wataalamu wa Umoja wa Ulaya waliliona kosa hilo. Mwaka wa 2011 walileta shauri la kutoza kodi kwa kadiri ya nguvu na kaboni, si kwa kadiri ya litri tu. Nchi hazikupatana, na mwaka wa 2015 shauri likaondolewa.

Hata hivyo watawala waliyapenda mazuti kwa ajili ya zile sehemu chache za kaboni. Mwaka wa 1997, katika mji wa Kyoto nchini Ujapani, nchi tajiri ziliahidi kupunguza hewa zinazopasha dunia moto. Mwaka wa 1998 wenye viwanda vya motokari vya Ulaya waliahidi kwamba motokari zao mpya zitashuka mpaka gramu 140 za hewa ya kaboni kwa kilometa moja. Njia iliyokuwa karibu ilikuwa kuuza mitambo ya Diesel. Mwaka wa 1990, katika motokari mpya 7 za Ulaya ya Magharibi, moja ilikuwa ya mazuti. Mwaka wa 2011 zilikuwa zaidi ya nusu. Ubelgiji ilipita wengine: yapata mwaka wa 2008 zaidi ya robo tatu za motokari mpya zilikuwa za mazuti.

Tusiwalaumu Wabelgiji wale walionunua. Mtu wa mshahara mdogo aliitazama bei iliyowekwa na serkali, akaiamini. Aliambiwa tena kwamba anaisaidia dunia. Alifanya kama kila mmoja wetu angefanya.

Moshi usiotiwa katika hesabu

Moshi wa motokari si wa namna moja. Kaboni tumekwisha itaja. Lakini mna vitu vingine viwili katika mtambo wa Diesel.

Cha kwanza ni masizi. Mafuta yanaporushwa ndani ya mtambo, matone mengine hayapati hewa ya kutosha, hayaungui yote. Yatoka kama vumbi jeusi, na punje zake nyingi ni ndogo hata jicho haliwezi kuziona. Hizo ndizo mbaya zaidi, kwani zafika ndani kabisa ya mapafu.

Cha pili hutoka katika moto wenyewe. Hewa tunayoivuta ni nitrojeni na oksijeni. Katika joto kali mno hizi mbili hushikana, zikawa sumu inayowasha koo na kifua, nayo huitwa oksidi za nitrojeni. Hapo fundi anaingia katika shida kubwa: akiukaza moto, masizi yapungua na mafuta hayapotei, lakini sumu hii yaongezeka. Akiupunguza moto, sumu yapungua, lakini masizi yazidi.

Tusidhani kwamba esansi ilikuwa na mikono safi. Tangu miaka ya 1920 ilitiwa risasi ili mtambo usigonge, na risasi ile iliharibu akili za watoto katika dunia nzima; nchi ya mwisho kuiacha katika motokari ilikuwa Algeria, mwaka wa 2021. Tena mtambo wa esansi hutoa kaboni monoksidi, ile inayoua watu katika nyumba iliyofungwa. Lakini esansi ilipoondolewa risasi, mafundi waliweza kufunga katika bomba la moshi chombo kinachogeuza sumu tatu kwa pamoja. Chombo kile hakifanyi kazi hiyo yote penye mtambo wa Diesel, maana moshi wake una oksijeni nyingi iliyobaki. Mtambo wa Diesel wataka chujio la masizi, na chombo kingine cha kuivunja ile sumu, na vyote vina gharama.

Basi, sheria za Ulaya zilifanya nini? Ziliuonea huruma mtambo wa Diesel. Tangu mwaka wa 2000 motokari ya esansi iliruhusiwa kutoa gramu 0.15 za oksidi za nitrojeni kwa kilometa. Ya mazuti iliruhusiwa 0.50, zaidi ya mara tatu. Mwaka wa 2005 zikawa 0.08 na 0.25. Mwaka wa 2009 zikawa 0.06 na 0.18. Marekani sheria haikutofautisha: mapafu ni mamoja, na kipimo kikawa kimoja.

Mwezi wa Juni 2012 shirika la kuchunguza kansa lililo Lyon, ambalo ni la Shirika la Afya la Dunia, lilitangaza kwamba moshi wa mtambo wa Diesel huleta kansa ya mapafu. Waliuweka katika daraja la kwanza, daraja la vitu visivyo na shaka tena. Moshi wa esansi waliuweka katika daraja la chini, la vitu vinavyodhaniwa tu.

Mwanafunzi na mkaguzi

Sisi tuliofundisha twamjua mwanafunzi wa namna moja. Mkaguzi akiingia, yeye ameketi wima, kitabu wazi, kalamu mkononi. Mkaguzi akitoka tu, kitabu chafungwa. Motokari nazo zilifanywa kuwa wanafunzi wa namna hiyo.

Siku zile motokari ilipimwa chumbani. Magurudumu yake yalizunguka juu ya vyuma, wala haikwenda popote. Mwaka wa 2013 wachunguzi wa Chuo Kikuu cha West Virginia, Marekani, walitaka kujua moshi wa motokari za Diesel ukoje barabarani. Wakafunga vyombo vya kupimia katika motokari tatu, wakaziendesha njiani kama watu wote. Mbili zilikuwa za Volkswagen. Katika hizo mbili waliona sumu ya nitrojeni ikipita kipimo cha sheria mara 5 mpaka mara 35. Ile ya tatu, ya kampuni nyingine, ilikuwa karibu na sheria. Basi, kumbe iliwezekana kuitii.

Tarehe 18 Septemba 2015 serkali ya Marekani ilitangaza sababu yake. Ndani ya motokari mlikuwa programu iliyotambua kwamba motokari inapimwa, kwa mfano kwa sababu magurudumu yazunguka lakini usukani haugeuki. Ikitambua hivyo, ilifungulia vyombo vyote vya kusafisha moshi. Ikirudi njiani, ilivipunguza. Kampuni ilikiri kwamba motokari kama 11,000,000 za dunia zilikuwa na programu hiyo. Mkuu wake, Martin Winterkorn, akajiuzulu tarehe 23 Septemba. Mwaka wa 2017 kampuni ilikubali makosa yake mbele ya hakimu wa Marekani, na ikatozwa dola 4,300,000,000 za adhabu, mbali na fedha ilizowalipa wenye motokari.

Wahenga walisema, njia ya mwongo ni fupi. Lakini hapo tutazame vizuri. Uwongo wa kampuni ulikuwa mkubwa, nao ulistahili adhabu. Walakini kabla yake kulikuwa na uwongo mwingine usioadhibiwa, ule wa bei na wa kipimo. Miaka mingi watu waliambiwa mazuti ni rahisi na safi, kwa sababu wapimaji walikuwa wamechagua kupima kaboni na kufumba macho mbele ya masizi. Kampuni ilipita katika mlango uliokwisha funguliwa nusu.

Bei yageuka

Baada ya hayo mambo yalibadilika upesi. Mwishoni mwa mwaka wa 2015 Ubelgiji ilianza kuongeza kodi ya mazuti kidogo kidogo na kupunguza ya esansi, mpaka mwaka wa 2018 zikalingana. Mwaka wa 2017 mji wa Antwerpen ulikataza motokari kuukuu zenye moshi mbaya kuingia kati ya mji. Mwaka wa 2018 Brussels ikafuata. Mwaka wa 2022, vita ya Urusi na Ukraine ilipoanza, Ulaya iliogopa kukosa mazuti, kwa maana mengi yalitoka Urusi. Mwezi wa Machi litri ya mazuti ikauzwa Ubelgiji na Ujerumani kwa bei kupita ya esansi. Mwaka wa 2023, katika motokari mpya 100 za Umoja wa Ulaya, za mazuti hazikufika 15.

Hivyo desturi ya miaka hamsini ilivunjika katika miaka minane. Mtambo wenyewe haukubadilika kuwa mbaya zaidi. Kinyume chake, ule mpya wenye chujio kamili ni safi kuliko ndugu zake wote wa zamani. Iliyobadilika ni bei: ilianza kusema sehemu ya ukweli iliyofichwa.

Na zile za zamani zimekwenda wapi?

Hapa ndipo twairudia Antwerpen. Bandari ile aliyoiacha Rudolf Diesel usiku ule ni moja ya milango mikubwa ambayo motokari kuukuu za Ulaya hutokea kwenda Afrika. Mwezi wa Oktoba 2020 shirika la Umoja wa Mataifa la kulinda mazingira lilieleza kwamba kati ya miaka ya 2015 na 2018 motokari ndogo kuukuu 14,000,000 ziliuzwa toka nchi hata nchi, na sehemu kubwa kuliko zote ilikuja Afrika. Mwezi ule ule wakaguzi wa Uholanzi walitangaza habari za motokari walizozitazama bandarini kabla hazijasafiri: nyingi zilikuwa za miaka 16 mpaka 20, na nyingine zilikuwa zimekwisha nyang'anywa chombo cha kusafisha moshi, kwa kuwa ndani yake mna madini ya thamani.

Kuna neno tena juu ya mafuta yenyewe. Chombo cha kusafisha moshi huharibiwa na kiberiti kilichomo katika mazuti. Tangu mwaka wa 2009 mazuti ya Umoja wa Ulaya hayaruhusiwi kupita sehemu 10 za kiberiti katika sehemu milioni. Kenya, Uganda, Tanzania, Rwanda na Burundi ziliandika sehemu 50 tangu mwaka wa 2015, na hilo ni jambo la kusifiwa. Lakini mwaka wa 2016 shirika la Uswisi liitwalo Public Eye lilipima mafuta yaliyouzwa katika nchi nane za Afrika, likakuta mahali pengine kiberiti kilichopita kipimo cha Ulaya mara 378. Mengi ya mafuta hayo yalichanganywa katika bandari za Uholanzi na Ubelgiji, kusudi yauzwe Afrika. Uholanzi iliweka kizuizi mwaka wa 2023, na Ubelgiji ikatoa amri yake mwaka wa 2024. Mafuta yenye kiberiti kingi mno, sasa si halali kuyachanganya bandarini kwao kwa ajili yetu. Ilikuwa lazima kungoja mpaka miaka hiyo.

Jibu kwa shofere

Sasa twaweza kumjibu shofere wetu vema kuliko siku ile ya matope.

Ndugu yetu, walijidanganya wenyewe kwanza, kisha sisi tukapokea masalio. Hawakukosa kwa kusifu mtambo. Mtambo wa Diesel ni kazi ya akili kubwa, na bila huo chumvi na saruji zisingefika kilimani kwetu. Walikosa katika kupima. Walihesabu litri wakasahau uzito. Walihesabu kaboni wakasahau masizi. Walihesabu bei ya kununua wakasahau bei ya kupumua. Na bei isiyolipwa penye pampu haifutiki. Huhamia mahali pengine, kwa mtu asiyeulizwa: kwa mgonjwa wa kifua wa Antwerpen, na kwa wale watoto waliokohoa juu ya mizigo.

Je, tufanye nini sisi tusioweza kununua motokari mpya? Hatuwezi yote, lakini machache twaweza. Mwenye kamioni asiondoe chujio kwa kulisema lamzuilia nguvu; asafishe hewa ya mtambo, atengeneze pampu ya kurusha mafuta, maana moshi mweusi ni mafuta yasiyoungua, ni fedha yake inayopanda juu. Shofere asiache mtambo ukinguruma sokoni penye wanawake na watoto. Mnunuzi asitazame rangi ya motokari na bei peke yake. Atazame chini pia, kama bomba la moshi li kamili. Na wenye kutunga sheria katika nchi yetu, waandikapo bei ya litri, waulize pia kiberiti chake.

Siku ile, kamioni ilipovutwa nje ya matope, shofere wetu alingoja mpaka ile ya moshi imekwenda mbali, ndipo akaondoka. Tulimwuliza kwa nini akawia. Akajibu: «Watoto wapate kupumua kwanza, Mwalimu.» Yeye hakuwa amesoma hesabu zote hizi. Lakini ile sehemu ya hesabu ambayo Ulaya iliisahau miaka hamsini, yeye aliianza nayo.